Mbuthia na Kikundi cha Jumanne

Ukitaka kunikasirisha, niambie kwamba mtu akitaka kuacha pombe ataacha. Nimeyasikia maneno hayo kanisani, nimeyasikia kwenye foleni ya maji, na kuna mteja aliyeniambia hivyo huku nikimpima mtoto wake sketi, pini zimejaa mdomoni mwangu, nikashindwa kumjibu. Kaka yangu Mbuthia alitaka kuacha. Nilimwona kwa macho yangu akitaka. Kilichomsumbua si kutaka, ni watu.

Mbuthia ni fundi wa bodi za magari huko Industrial Area. Mletee mlango uliokunjamana kama chapati iliyokosewa, naye ataugonga kwa nyundo yake polepole mpaka usahau uligongwa wapi. Alianza kunywa ujanani, na mkewe alipofariki akanywa kama mtu aliyeandikwa kazi hiyo. Nikamhamishia kwangu Komarock yeye na binti yake wa pekee, Kate. Kate akalala ndani nami, baba mtu nikampa chumba cha nyuma uani. Mimi naitwa Waruguru, ninashona sare za shule, na sina subira. Komarock yote inalijua hilo wala sikatai.

Kate alikua, akapata kazi, akampata Owen, kijana mpole wa watu wa Bungoma. Jumapili moja alasiri, tukiwa jikoni, akamwambia baba yake kwamba watu wa Owen wanataka kuja Desemba kuleta mahari. Mbuthia alifurahi mpaka akasimama.

"Ngoja nimalize, baba," Kate akasema. Kisu kilikuwa mkononi, sukuma wiki mbele yake, na hakuinua macho. "Siku hiyo ukija umelewa, kiti chako atakalia anko Kaha."

Kaha ni kaka yetu mkubwa, anaishi nyumbani Murang'a, na anapenda mila kuliko anavyopenda watu. Kwetu, baba wa msichana huketi mbele kabisa siku hiyo, akitazamana na wageni. Kukalia kile kiti ndiko kumtoa mtoto wako. Ukinyimwa, umeambiwa mbele ya ukoo mzima kwamba huyu hakuwa wako. Mbuthia aliketi tena, taratibu.

"Nitakuja mzima," akasema.

"Sawa," Kate akajibu, akaendelea kukata mboga.

Wiki hiyohiyo alikwenda kliniki, na nesi akamwonya asijaribu kuacha peke yake. Alimweleza kuna kikundi cha watu waliokuwa walevi, wanakutana Jumanne jioni katika kanisa moja huko Umoja. Wanaketi, wanazungumza, wanashikana mkono. Hakuna kiingilio, hakuna anayekuuliza jina la ukoo. Nikasema basi kazi imekwisha. Wapi!

Ya Jumanne ya kwanza alinisimulia mwenyewe, na mpaka leo nikiyakumbuka damu inanichemka. Alifika getini kwa wakati, amenyoa ndevu, amevaa shati safi. Askari akamsimamisha.

"Niaje, mzae. Unaenda wapi?"

"Mkutanoni."

"Mkutano gani? Hapa mikutano iko mob."

Mbuthia akageuka kuangalia nyuma. Kulikuwa na kina mama wa kwaya wawili na mwendesha boda anayemsubiri mteja. Mtu mzima, baba wa msichana anayeolewa, ataanzaje kulitaja lile neno mbele ya hao? Akasema, "Ule wa jioni." Askari akamwangalia usoni, akauona ule uso wake wenye huzuni, akaamua mwenyewe.

"Ah. Pole sana, mzae. Ingia hapo hall kubwa."

Ndani alikuta watu wameketi duara, wanaongea kwa sauti ya chini. Chupa ya chai ilikuwa mezani, na mama mmoja alikuwa akifuta machozi. Nesi alikuwa amemwambia kutakuwa vivyo hivyo. Akavuta kiti, akaketi, moyo ukatulia. Mwenyekiti, mama aitwaye Asenath, akamwomba mgeni ajitambulishe.

"Mimi naitwa Mbuthia," akasema, "na ni mara yangu ya kwanza kuja."

"Karibu sana, Mbuthia. Ulimjua Shiundu kupitia wapi?"

Hapo ndipo akaelewa. Ilikuwa kamati ya mazishi. Shiundu alikuwa maiti, na hao walikuwa wakipanga kumsafirisha Kakamega. Sasa mtu mwenye akili zake angesema samahani, nimekosea mlango, akatoka. Lakini ukitoka utaulizwa ulikuwa unatafuta mlango upi. Mbuthia akajibu, "Kazini." Wakamuuliza kazini wapi, akasema Industrial Area, na kwa bahati mbaya marehemu alikuwa amefanya kazi Industrial Area maisha yake yote. Asenath, ambaye kumbe alikuwa dada wa marehemu, akaangua kilio. Wakamwomba aseme mawili matatu kuhusu rafiki yake. Akasema Shiundu hakuwa mtu wa ugomvi, na wote wakaitikia kwamba ni kweli kabisa. Waliposikia ni fundi wa magari wakamtia katika kamati ndogo ya usafiri, akague basi la kubeba maiti.

"Rudi uwaambie ulikosea!" nikampigia kelele.

"Waruguru, mtu anatokaje kwenye mazishi ya mwenzake?"

"Humjui!"

"Sasa namjua kidogo."

Na alienda. Vikao vyote alienda. Kikundi chake halisi kilikuwa kinakutana nyuma ya jengo hilohilo, katika chumba cha Sunday school, ukuta mmoja tu kati yao, naye alikuwa upande huu anajadili magurudumu. Alilala chali chini ya basi, akakuta gurudumu limeisha, akasimama kidete mpaka likabadilishwa. Na hakunywa. Nitasema ukweli, siku zote hizo hakugusa kitu, kwa sababu watu walikuwa wanamtegemea. Nikaanza kujiambia nimwache tu, labda Shiundu atamsaidia kuliko nesi.

Basi likaondoka salama na maiti yake. Wanaume wa usafiri, kwa kufarijika, wakavuka barabara kuingia baa, wampe marehemu buriani, na fundi wao wakamshika mkono. Alirudi akiimba wimbo wa kanisa kwa Kiluhya asichokijua, viatu kavishika mkononi. Kate alimfungulia mlango, akamtazama, akarudi chumbani kwake. Afadhali angemtukana.

Jumanne iliyofuata nilifunga duka mapema nikampeleka mwenyewe. Getini sikungoja kuulizwa.

"Huyu ni kaka yangu. Anatafuta wale wanaoacha pombe. Wako wapi?"

Mimi nimekulia katika nyumba ya watoto wengi, na sauti yangu haijui kunong'ona. Kwaya nzima iligeuka. Mbuthia alinitazama kama mtu aliyevuliwa nguo.

"Umeniua, Waruguru."

"Ulikuwa umeshajiua. Ingia."

"Si ungesema tu, mzae," askari akamwambia kwa upole, akamwonyesha mlango wa nyuma. "Hao ni watu poa."

Nadhani aliingia ili kunikimbia mimi na kwaya. Nikaketi kwenye benchi kando ya tangi la maji. Nilitarajia kusikia kilio na maombi. Nikasikia watu wakicheka. Walicheka kwa muda, kisha kimya, kisha wakacheka tena. Mimi nje baridi inanila, nimeacha sare za watu mezani, wao ndani wanacheka. Alipotoka uso wake ulikuwa umelegea, macho mekundu.

"Wamesema nini?"

"Siwezi kukuambia. Yanayosemwa mle yanabaki mle."

"Mimi ndiye nimekuleta!"

"Asante," akasema.

Mngedhani kuanzia hapo mambo yalinyooka. Kwaya ikakitaka kile chumba kwa mazoezi ya mashindano, na nani atashindana na kwaya kanisani? Kikundi kikahamia darasa moja la shule hapahapa Komarock, nikashukuru Mungu, kisha shule ikafungwa kwa likizo na ufunguo ukaondoka na mtu. Wakahamia chumba cha ghorofani juu ya duka la dawa. Kila walipohama, habari ilimfikia Mbuthia imechelewa, akawa anazunguka mitaa jioni baada ya kazi, kucha zina rangi ya magari, akiuliza watu. Aliyeshindwa kutamka neno getini sasa alilazimika kulitamka kila mahali.

Mlinzi mmoja alimcheka. "Wanaoacha pombe? Wacheki kwa bar, buda, wote wako huko." Mbuthia alirudi nyumbani, akaketi kwenye ngazi ya chumba chake, akanisimulia. Nilitaka kuchukua mwiko niende nikamtafute huyo mlinzi. Mbuthia akaniambia niketi. Akampigia simu mwenzake mmoja wa kikundi, akaongea naye kwa muda mrefu akiwa amenigeuzia mgongo, halafu akaingia akalala. Hivyo ndivyo jioni ile ilivyopita. Sikuambiwa hata huyo mwenzake anaitwa nani.

Lakini jioni zilipita, moja baada ya nyingine. Mwenye gereji akamrudishia ufunguo wa stoo ya vifaa, aliokuwa amemnyang'anya kwa sababu ya pombe. Niliona Kate ameanza kumwachia chai kwenye chupa asubuhi kabla ya kwenda kazini, halafu chai na mkate, halafu siku moja nikawakuta wote wawili uani wakibishana juu ya rangi ya hema. Nikarudi ndani kabla hawajaniona, nikalia kidogo juu ya cherehani. Nilikuwa na haki.

Novemba Kaha akaja kupanga. Alikula, akanywa chai, akajifuta mdomo, akaanza.

"Wale watu nimewaambia walete muratina, pombe yetu ya asali. Itamiminwa hapa, na pembe ya baba yetu ya kunywea nitaileta mimi. Msichana ataulizwa mbele ya wote kama baba yake anywe pombe ya wageni. Akisema anywe, amemkubali kijana. Baba akinywa, tumekubali sisi. Ndivyo ilivyo."

"Mbuthia hanywi," nikasema.

"Nimesikia, na ni vizuri. Lakini hiyo si kunywa. Hiyo ni mila."

"Weka soda. Siku hizi watu wa kanisa wote wanaweka soda."

"Mimi sitamtoa mtoto aliyeitwa jina la mama yangu kwa soda."

Mbuthia alikuwa akiangalia mikono yake. "Kaha," akasema, "nikionja sitaacha."

"Kijiko kimoja?"

"Hata kijiko."

"Basi gusa tu na midomo."

"Midomo ndiyo iliyoanza."

Nilicheka, Kaha hakucheka. Alisimama akavaa kofia yake. Alisema mtu asiyeweza kunywa pombe ya mkwe wake hawezi kukaa mbele ya mkwe wake, hiyo si dharau, ndivyo mambo yalivyo. Mnaona? Binti alisema akinywa asikalie kiti. Kaka anasema asiponywa asikalie kiti. Kiti ni kilekile. Nilitamani kukipasua kuni mapema tuepukane nacho.

Mbuthia alikwenda kwenye kikundi chake na kurudi ameamua kwamba ataketi, na pembe ikimfikia ataikataa kwa heshima. Alitaka kuongea na Kate kabla ya siku yenyewe. Alijaribu. Kate alikuwa na simu sikioni, watu wa hema, watu wa chakula, nguo ambayo mimi mwenyewe nilikuwa sijaimaliza. "Usijali, baba," akamwambia akipita, "anko Kaha ameshanieleza yote." Tulikuja kujua baadaye alichoelezwa. Kaha alimwambia kwamba amekwisha kuelewana na baba yake, atagusa tu kwa midomo, hakuna shida, yeye Kate ajibu inavyotakiwa.

Siku ikafika, Jumamosi yenye jua. Hema lilijaa mpaka majirani wakaketi kwenye ukuta. Watu wa Owen waliingia wakiimba, na mbele yao mzee Mulama, mjomba wa Owen, mcheshi, aliyetuomba msamaha kwamba wamechelewa kwa sababu mtungi wa pombe ya watu wengine ni mzito kuubeba kuliko wa kwao. Tukacheka. Mbuthia alikuwa mbele, kwenye kiti, ndani ya koti nililompunguzia mabega. Kate alipotokeza na kumwona ameketi pale, macho hayana wekundu, mgongo umenyooka, alitabasamu tabasamu ambalo sijaliona tangu mama yake alipokuwa hai. Ningetaka mambo yaishie hapo.

Kaha akaijaza pembe. Harufu ya asali na chachu ikatufikia mpaka sisi wanawake nyuma. Akamwita Kate, akampa pembe aishike mbele ya baba yake.

"Mwanangu, hii ni pombe ya watu hawa. Baba yako anywe?"

Owen alikuwa ameinama anaangalia viatu vyake, maskini. Kate akamtazama Kaha, Kaha akaitikia kwa kichwa kumtia moyo.

"Anywe," Kate akasema.

Vigelegele vikalipuka. Wanawake wa kwa Owen walisimama wakicheza. Na katikati ya kelele hizo Mbuthia alikuwa anaitazama ile pembe. Sitawadanganya, alikuwa anaitaka. Nilimwona koo likimeza kabla ya kupata cha kumeza. Mkono wake ukainuka kutoka kwenye goti, ukafika nusu ya njia. Halafu ukarudi. Akasimama.

"Kaha," akasema, "njoo ukae."

Akapita katikati ya viti, akapita mbele yetu, akatoka hemani. Alitembea wima, bila haraka. Na Kaha, Mungu amsamehe maana mimi bado, hakusita. Aliketi, akapokea pembe, akanywa yote, akaipindua watu waone imeisha. Mulama aliangalia huku na huku, akaona wenyeji wake wanapiga makofi, naye akapiga. Kate alibaki amesimama, mikono mitupu.

Nyuma yangu jirani mmoja akamwambia mwenzake, "Ameenda kutafuta ile kali. Hii ya asali haimtoshi."

"Hata siku ya mtoto wake, jamani!"

Niligeuka nikawaambia maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa. Haikusaidia. Unadhani uvumi unazuiwa na mtu kukasirika? Kabla chakula hakijapakuliwa, kuanzia kwenye masufuria mpaka kwa waliokaa ukutani, kila mtu alikuwa anajua kwamba baba ya msichana amelewa. Alikuwa amekaa miezi yote ile bila kunywa na hakuna aliyelisema. Alipokataa mbele ya macho ya watu wote, ndipo akawa mlevi.

Habari ikamfikia Kate mezani. Aliweka kijiko chini, akaziinua nguo zake za sherehe zisiburute, akatoka. Nikamfuata.

Mbuthia alikuwa getini, amelishika geti kwa mikono miwili, anatazama barabarani. Aliposikia hatua akageuka. Kate alimsogelea karibu sana, nikadhani anamkumbatia, lakini mikono yake ilikuwa chini. Alikuwa ameuleta uso wake mpaka kwenye mdomo wa baba yake. Nikaelewa, na Mbuthia akaelewa. Hakurudi nyuma.

"Nusa, mama," akamwambia. "Nusa vizuri."

Kate akanusa. Akafunga macho, akanusa tena. Halafu mabega yake yakaanza kutetemeka, na akalishika koti la baba yake mahali pale nilipolipunguza.

"Baba, rudi ukae."

Kutoka hemani tulimsikia Kaha akiomba pembe ijazwe, na watu wakicheka.

"Kiti kina mtu, mama," Mbuthia akasema.